Kabla Hujafika Kona ya Darajani

Kabula, mwangaluka.

Nakusalimia ya asubuhi ingawa hapa ninapoandika jua bado lipo na kuku hawajaingia bandani. Najua barua hii utaisoma asubuhi. Nimeifunga kwenye mshikio wa akseleta kwa ukanda wa mpira wa tairi, huwezi kuwasha pikipiki bila kuifungua kwanza. Nimefanya makusudi. Isome yote, hata kama uani kumejaa watu wa kukuaga, hata kama mama yako anakuita unywe uji. Uji utakusubiri, na watu walikuja kwa miguu yao wenyewe.

Usishangae mwandiko. Kisomo changu ni cha ngumbaru, na katika darasa lile mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuandika jina langu bila kushikwa mkono, mwalimu alilisema mbele ya watu. Tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko jina. Hii nimeiandika mwenyewe, sikumwita mtu wa kunisaidia. Wangeniuliza kwa nini nisikuambie kwa mdomo na wewe unalala nyumba hiihii. Unajua kwa nini. Mimi na wewe tukianza habari za pikipiki kwa mdomo unakuwa ugomvi kabla chai haijamiminwa, na kesho sitaki ugomvi.

Mambo ya sanduku, ya koti la mvua, ya nani umpigie simu ukifika Tarime, hayo ni ya mama yako. Ameshayasema na atayarudia. Mimi nina jambo moja.

Nimeifungua pikipiki yako leo. Nimeibadilisha. Haiko tena kama ulivyoiacha asubuhi ulipoondoka kwenda Zagayu kumuaga bibi yako. Ukiishika kwa mkono ule uliouzoea, itakuzidi, na itakuzidi kwenye kona ya kwanza, ile ya kushukia darajani ambako uliwahi kuanguka. Ndiyo maana nasema soma yote.

Nianze ilipoanzia.

Siku wale wa kampuni ya maziwa, wanaokupeleka kazini Tarime, walipokukabidhi pikipiki, uliingia nayo uani umejaa furaha, ukazima, ukaniita: "Baba, njoo uione." Nilikuja na spana. Sikuiangalia kama ulivyotaka niiangalie. Nilipiga goti palepale, nikaigusa cheni, nikauvuta waya wa akseleta, nikasema hawa waliokuwa nayo hawajui kitu, wamekaza kila mahali. Nikalegeza. Wewe ulisimama umeshika kofia yako ngumu mpya. Mtu unamletea mgeni nyumbani, yeye anaanza kumvua viatu.

Lakini nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo ilikuwa ya haki wakati wake, siwezi kuitupa yote.

Pikipiki ya kwanza kulala Zagayu ilikuwa yangu. Hili hata wasionipenda wanalikubali. Niliinunua kwa ng'ombe wa nyumbani, na babu yako hakunisemesha mpaka pamba ikavunwa. Wewe umeijua Zagayu ya sasa yenye pikipiki kila mji. Wakati ule nilikuwa peke yangu. Nilibeba wagonjwa, nilibeba mbegu, nilibeba bwana harusi. Mara moja nilibeba kioo cha dirisha kutoka Bariadi, mzee mmoja amekikumbatia nyuma yangu kama mtoto, na kikafika kizima. Wanakizungumzia mpaka leo. Lakini sasa nikikaa nikifikiri, njia ile ya wakati ule haikuwa na kona hata moja. Ilikuwa imenyooka mpaka mlangoni kwa mzee.

Kilichokuwa kinatutesa kule ni udongo. Udongo wa mbuga unaujua, ule mweusi, ukilowa unashika kila kitu. Unaingia kwenye sproketi, yale meno yanayovuta cheni, unajaa, na cheni inavutika mpaka inalia kama kamba ya kisima. Cheni iliyokazwa vizuri mjini, ukifika nayo Zagayu wakati wa masika inakatika. Nikajifunza kuilegeza. Halafu njia zenyewe ni mifereji ya mikokoteni, mkono unarushwarushwa njia nzima. Waya wa akseleta ukiwa umekaza, kila mkono unaporushwa injini inapewa mafuta, inapiga kelele, tairi linachimba shimo, unabaki hapo mpaka ng'ombe waje wakuvute. Waya nao nikaulegeza. Mshikio ukawa unazunguka bure kwanza, ndipo injini inasikia. Nikawa napita mahali ambapo wengine wote wanakwama. Watu wakaja na pikipiki zao niwalegezee. Ikafika mahali mtu anamwambia fundi, "nilegezee ya Nkwabi," na fundi anajua.

Unaelewa sasa. Hata ilipokuja lami hapa Bariadi, hata tulipohamia mjini, mimi niliendelea kulegeza ya Nkwabi. Sikuwa nalegeza kwa ajili ya tope tena. Nilikuwa nalegeza kwa ajili ya jina langu.

Haukupita muda mrefu tangu ukabidhiwe pikipiki, ukaanguka pale darajani. Uliingia uani unachechemea, kiwiko kimechubuka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Swali langu la kwanza lilikuwa pikipiki imepinda wapi. Mama yako hajanisamehe swali lile, na simdai msamaha, ana haki yake. Ulikaa kwenye kigoda ukaoshwa kidonda, ukanieleza kwa utulivu kuliko mimi ningeweza.

"Baba, ukishaingia kona unafungua mafuta inakaa kimya. Unaongeza, bado kimya. Halafu inaruka."

"Pikipiki haina akili ya kuruka," nikakuambia. "Kinachoruka ni mkono wako."

"Basi njoo ujaribu mwenyewe kona ile."

Nikakuambia nilianza kukata kona kabla hujazaliwa. Ulinyamaza. Nikahesabu kunyamaza kwako kuwa nimeshinda.

Masanja alikuwepo, yule bodaboda wa kijiwe cha Somanda aliyekufundisha kuendesha baada ya mimi kukataa. Alikuja kukuangalia. Akaibonyeza cheni kwa ncha ya kiatu, ikaenda chini ikarudi juu, akasema, "Mzee, cheni hii mtu anaweza kuanikia nguo." Nikamwambia alipokuwa ananyonya mimi nilikuwa nimeshafungua injini nikaifunga, zikabaki nati mbili na bado ikawaka. Akacheka, akaondoka. Ilikuwa kweli kuhusu nati. Ilikuwa kweli pia kuhusu cheni, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya ukweli wa mtu mwingine.

Halafu kuna siku ya kijiweni. Sikutaka kuiandika, ila nimeshaanza.

Ulikuwa umetoka kuchukua leseni. Mimi nimekaa pale Somanda na wale vijana na wazee wawili watatu wa rika langu. Ukaja, ukasimama mbele yetu, ukainua kioo cha kofia, uso wote unang'aa. Ukasema, "Baba, panda nikupeleke nyumbani." Watu wote wakanitazama. Mimi hapo nikajikuta nina umri wangu wote na pikipiki yangu yote ya Zagayu mgongoni, nikasema, "Sijawahi kukaa nyuma ya mtu. Sitaanza na aliyeanguka."

Walicheka. Masanja peke yake hakucheka, akasema tu, "Mzee anaogopa." Wewe ulishusha kile kioo, ukaondoka polepole, ukakata kona ya duka la mbolea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, na kwa ubishi nikapita njia ndefu. Ugali nilikuta umepoa. Uliniwekea na mboga ukaifunika, lakini hukukaa kuniangalia nikila kama ulivyozoea. Tangu siku ile hujaniambia tena "Baba, panda." Na mimi sikukuomba.

Sasa leo.

Ulipoondoka na gari la mjomba wako kwenda Zagayu, nikasema niipeleke pikipiki Somanda ikajazwe upepo kwa ajili ya safari. Mama yako akasema na yeye ana maziwa ya mgando ya kumpelekea yule binti wa jirani zetu aliyejifungua, anakaa huko karibu. Akapanda nyuma na sufuria yake mapajani, ameifunga kitambaa. Tukaenda vizuri mpaka darajani. Nikaingia kona kama ninavyoingia siku zote. Nikafunga mafuta, nikalala nayo upande, nikafungua. Kimya. Nikaongeza. Ikaruka. Kofia ya mama yako ikagonga yangu kwa nyuma, na maziwa yakaniingia mgongoni kupitia kwenye kola, ya baridi.

"Simama," akasema. Nikasimama.

"Kabula hanimwagii," akasema.

"Kabula anatembea kama kinyonga."

"Hatembei kama kinyonga. Akiingia kona anakanyaga breki ya nyuma kidogo, hivi, na mafuta ameshayafungua. Anaachia breki akishatoka. Nimekaa nyuma yake, nimeuona mguu wake. Nilimuuliza anafanya nini, akasema ndiyo dawa ya kuruka."

Nikamuuliza, na mimi je, miaka yote hii?

Akaufunga upya mfuniko wa sufuria bila haraka. "Miaka yote hii unanigonga kichwa, Baba Kabula. Nilidhani ndivyo pikipiki zilivyo."

Kabula, mwanamke huyo nimempakia kutoka Zagayu kwenda kliniki akiwa na mimba yako. Nimempakia kwenda misibani Ipililo na kurudi. Hakuwahi kusema. Na mimi nilikuwa najisifu vijiweni kwamba abiria wangu wanasinzia.

Nikamshusha kwa yule mzazi, nikarudi darajani peke yangu. Nikaikata kona ile kwenda, nikaikata kurudi. Nikaenda tena. Safari hii sikusikiliza injini, nilisikiliza chini, kwenye cheni. Nikasikia. Ukifunga mafuta, cheni inalala. Ukifungua, kiganja kinazunguka bure, na kwa kuwa husikii kitu unaongeza. Halafu waya unashika ghafla, na cheni nayo inakaza ghafla, vyote viwili vinaamka pamoja, na wewe umelala upande, tairi halina pa kujishikia. Kwenye njia iliyonyooka utasema ni kishindo kidogo tu. Kwenye kona ni kiwiko chako.

Vijana wa kijiweni walikuwa wananiona kutoka kule chini. Masanja akapaza sauti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, nikaendelea kuzunguka.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili nililijua. Nililijua kabla ya pikipiki. Nilipokuwa kijana babu yako alinipa maksai wanne na plau, shamba la pamba la kule bondeni. Kwenda mbele nilikuwa hodari, mfereji wangu umenyooka kuliko wa kaka zangu. Mwisho wa shamba, pa kugeuzia, nilikuwa nawaacha ng'ombe wageuke wenyewe, mnyororo unalala chini, halafu nawapigia kelele. Wanaruka wote kwa pamoja, mnyororo unakaza, plau inaruka kama mbuzi. Siku moja nira ikapasuka katikati. Babu yako hakunipiga. Alikuja akauokota mnyororo ulipokuwa umelala, akauinua kidogo tu mpaka usiguse chini, akaushika hivyo huku ng'ombe wanageuka. Akasema, "Usiuache ulale." Akaniachia, akaenda zake.

Tangu siku ile sikuvunja nira tena. Nikawa nawageuza ng'ombe mnyororo ukiwa hai muda wote, sio wa kuvuta, wa kushika tu, na wakimaliza kugeuka ndipo nawaongeza. Watu walikuja kunitazama na kwenye hilo pia. Lakini sikuwahi hata siku moja kukaa nikasema, Nkwabi, pikipiki nayo ina mnyororo.

Basi nilirudi nyumbani nikatoa spana. Nakuambia nilichofanya ili popote utakapokuwa, hata huko milimani fundi akikuambia vingine, ujue.

Waya wa akseleta nimeukaza. Sikuukaza wote, nimeacha uchezaji mdogo, kama unene wa punje ya mtama, ukizungusha kidogo tu inasikia. Nimeuchomoa nikaudondoshea mafuta ya cherehani ya mama yako ndani, maana ulikuwa unakwama katikati na mimi nilikuwa naulaumu mkono wa mtu. Kisha nimewasha, nimegeuza usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia. Mlio wa injini haukupanda. Kipimo hicho kifanye kila ukigusa waya huo. Injini ikipanda yenyewe usukani ukigeuka, umekaza mno, na hilo ni baya kuliko ulegevu wangu.

Cheni nimeikaza pia. Inacheza vidole viwili juu na chini, si kiganja kizima kama nilivyokuwekea. Sikuikaza zaidi kwa sababu ukipanda na mzigo inajikaza yenyewe. Kule kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, raba zilikuwa zimelika, gurudumu linacheza mbele na nyuma kabla halijaondoka. Nimekata vipande vya mpira wa ndani wa tairi nikajaza. Ni dawa ya muda. Ukitulia kazini nunua raba zenyewe. Silensa, ule mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama, nimeupandisha kidogo, isiwe inafifia kabisa ukifunga mafuta.

Nilipomaliza nilimfuata mama yako kwa yule mzazi. Nikampakia. Tukapita darajani. Hakunigonga. Nikasubiri aseme. Tumefika nyumbani ndipo akasema, "Haya. Sasa umwambie." Nikamwambia nitakuandikia. Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Ndiye aliyenipa karatasi hizi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe.

Mkono wako umejifunza kwa pikipiki mbovu. Umezoea kuzungusha bure kwanza. Kesho hakuna bure. Ukizungusha kama jana, itakuondoa kwa nguvu. Kwa hiyo kabla hujatoka uani, washa, izoee ikiwa imesimama. Usiushike mshikio kama unavyokamua ng'ombe, wewe ni mtu wa maziwa lakini hapo hukamui. Ushike kutokea pembeni, kama unavyoshika mpini wa jembe la palizi unapopita katikati ya mimea, na kiwiko kiwe chini kimelegea. Kidole gumba kiegemee pale kwenye nyumba ya mshikio, mkono upate pa kujishikia usirushwe.

Ukiiona kona, punguza mwendo mapema pikipiki ikiwa imesimama wima. Weka gia unayotaka mapema, na ukiwa na mashaka kati ya gia mbili chukua ya juu, ni laini. Halafu, na hili ndilo nililoligundua leo na hakuna aliyenifundisha, fungua mafuta kidogo kabla hujalala. Kiasi cha unywele tu. Mpaka usikie cheni imeamka. Usiuache ulale. Shika hapohapo kona yote, usiongeze wala usipunguze, na ukishauona mwisho wa kona ndipo ufungue taratibu.

Breki yako ya mguu usiitupe. Ni akili yako mwenyewe, hukufundishwa na Masanja wala na mimi, umeitafuta kwa sababu nilikupa kitu kibaya na hukutaka kunisema. Ishike kwa kugusa tu, kwenye kona za polepole na za kokoto. Lakini huko unakokwenda watu wanasema milima inashuka mpaka masikio yanaziba, na malori ya ndizi yanapanda yakikuelekea. Usishuke mlima mzima umeikanyaga. Itapata moto, siku utakayoihitaji haitakujibu. Huko shuka kwa gia.

Mengine sina. Watu wakiandikia watoto wao wanaweka mambo mengi ya dunia, mimi ya dunia sijayajua sana. Nilichokiona ni kimoja, nimekiona leo nikiwa na spana mkononi. Mimi nikikasirika nanyamaza kabisa, unajua, naweza kunyamaza mpaka mavuno kama babu yako. Na nikirudi narudi na kishindo, na zawadi kubwa, na sauti kubwa, nashangaa watu wanaruka. Nilimfanyia hivyo baba yako mdogo. Nilimfanyia mama yako. Wewe nimekunyamazia tangu kijiweni, na leo nakuandikia karatasi hizi zote kwa siku moja. Unaona. Siwezi kujikaza kwa spana. Nimeshazeeka nikiwa hivi. Wewe mkono wako bado unajifunza, na unajifunza vizuri.

Kuku wameingia. Gari la mjomba wako nalisikia linapinda njiani, kwa hiyo nafunga.

Kesho nina safari yangu ya Lamadi. Sengi yako, dada yangu, anauliza tangu zamani lini nitakwenda kuchukua dagaa, na njia yako ya Tarime inapita hapohapo. Nitarudi kwa basi. Mama yako atakuambia sina haja ya dagaa. Usimsikilize.

Unaposoma hapa mimi nimeshakaa kwenye pikipiki, nyuma, nimevaa kofia. Usiseme kitu. Usicheke mbele ya wale watu. Ukimaliza kusoma iweke karatasi hii mfukoni, kaa mbele, uwashe. Ukipita kijiweni piga honi, nataka Masanja aone.

Kona ya darajani ndiyo ya kwanza. Kofia yangu isipogonga yako, nitakaa kimya mpaka Lamadi.

Ikigonga, nitakaa kimya vilevile.

Baba yako,
Nkwabi